Majina Yanayopotea Saa Tatu

Jumanne, 19 Novemba

Nerida amesema niandike. Yeye ni mtaalamu wa usemi wa watoto, yuko Darwin, na sisi tuko huku ranchi ya Wirrabel, ambako lami ikiisha unaendesha gari saa sita nyingine. Tunaonana naye kwenye tableti kila Jumanne saa nne asubuhi, nusu saa tu. Kazi yangu ni kuandika kila neno jipya analosema Indi na siku aliyolisema. Nimechukua daftari la zamani la chanjo za ng'ombe, kurasa za nyuma hazijaandikwa kitu.

Indi ana miaka minne na miezi saba. Ana maneno thelathini na moja. Watoto wa umri wake, nimesoma, maneno yao hakuna anayeyahesabu.

Leo amesema "maji", yote mawili, ma na ji. Siku zote ilikuwa "ji". Nerida alipiga makofi kwenye kioo na Indi akajificha nyuma ya kiti kwa furaha. Kabla ya kuaga akanikumbusha sheria ya ofisi yao: ukikosa mara tatu mfululizo, nafasi anapewa mtoto mwingine. Foleni sasa ni miezi kumi na minne.

"Siwezi kukosa," nikamwambia. "Sina pengine pa kwenda."

Maneno: 32.

Ijumaa, 22 Novemba

Malori ya mwisho ya ng'ombe yameondoka, na wachungaji nao, na mpishi. Mvua ikianza kweli barabara haipitiki mpaka Machi, kwa hiyo ranchi inafungwa nusu. Meneja, Ross Haldane, na mkewe Glenys watakwenda pwani kama kila mwaka. Tunaobaki ni mimi, mume wangu Brodie, Indi na mdogo wake Reuben, na mzee Merv anayetunza visima.

Ross amembandikia Brodie karatasi ya kazi za masika: kuwasha hiki, kuzima kile, kupima dizeli kila Ijumaa. Mambo yakienda sawa, kiangazi Brodie atakuwa nyapara wa wachungaji. Amekuwa akipiga mluzi tangu asubuhi.

Jumanne, 26 Novemba

Tumekosa.

Indi alivaa gauni lake la njano bila kuambiwa. Saa nne kasoro tano nikafungua tableti. Ikazunguka, ikazunguka, ikaandika: Tovuti haikupatikana. Angalia jina kama umeliandika sawasawa. Nimeliandika jina lile mara ishirini tangu Julai. Nikazima ruta, nikahesabu thelathini, nikawasha. Taa zote kijani. Tovuti haikupatikana. Nikahamisha ruta juu ya friji. Nikaichomoa waya, nikaipuliza, nikairudisha. Reuben analia kwenye kiti chake, meno. Indi amesimama ananivuta sketi: "Neda? Neda?"

Saa tisa alasiri mtandao ukarudi wenyewe, kama mtu aliyetoka msalani.

Brodie alipoingia nikamweleza. Akatazama nje, matone mawili yalikuwa yameanguka.

"Ni mvua," akasema.

Maneno: 32.

Alhamisi, 28 Novemba

Reuben ana jino. Sijalala.

Jumapili, 1 Desemba

Glenys amekuja kuaga, na kofia mpya. Nikamwambia habari ya mtandao.

"Kwetu mbona iko sawa, mama Indi? Jana nimeongea na mjukuu wangu saa nzima."

"Kwetu hata saa nne asubuhi haifiki."

"Basi ni mvua. Masika hapa kila kitu kinasusa. Mimi nimekaa miaka kumi na tisa, nakwambia. Zima uwashe."

"Nimezima, mama."

"Zima tena." Akamshika Indi kidevu. "Na huyu bado hasemi? Wangu wa pili alichelewa hivi hivi, leo ni wakili, hanyamazi."

Ni mwanamke mwema, Glenys. Alinishonea mashuka ya Reuben kabla hajazaliwa. Ninaandika hivi ili nisije kusahau.

Jumanne, 3 Desemba

Tumepata! Indi aliamka na jogoo, akaisumbua tableti, nikamfungulia ukurasa wa Nerida saa mbili na nusu ili aangalie wale samaki wanaoogelea pale unaposubiri. Nikauacha wazi. Saa nne Nerida akatokea, sura safi, sauti safi.

Neno jipya: "samaki". Alisema "maki", lakini Nerida amesema niliandike.

Saa nne na nusu nikafunga, nikakumbuka fomu sijaituma, nikafungua tena. Tovuti haikupatikana. Na jua lilikuwa linawaka hata mbwa wamelala chini ya tangi.

Maneno: 33.

Ijumaa, 6 Desemba

Akina Haldane wameruka. Nyumba kuu imefungwa, ufunguo anao Brodie. Anautembeza mfukoni kama medali.

Jumanne, 10 Desemba

Tumekosa. Safari hii nilijiandaa. Niliamka mapema nikafungua kisanduku cha nje ukutani, mahali waya wa antena unapoingia. Ndani nikakuta mjusi kafiri amekaangika, mkavu, mkia umegusa shaba. Nikashangilia peke yangu kama mwehu. Nikasafisha, nikafuta kwa spiriti, nikafunga. Saa mbili mtandao ukawa moto wa kuotea mbali. Nikasema basi, nimepona, nikawaogesha watoto.

Saa nne: Tovuti haikupatikana.

Indi hakuuliza. Alikwenda kulivua gauni mwenyewe.

Brodie jioni: "Ni mvua, Teg. Sikiliza paa hilo."

Ilikuwa inanyesha, ni kweli. Lakini ilianza saa nane.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimeanza kuandika saa. Pembeni ya maneno ya Indi, maneno ya mtandao.

Juzi: ulikufa saa tatu na dakika tano, ukafufuka saa tisa na dakika kumi. Jana: saa tatu kamili, saa tisa na robo. Leo: saa tatu na dakika saba, saa tisa. Juzi mvua, jana mvua, leo mbingu nyeupe hata tone hakuna.

Nikamwonyesha Brodie. Akaliangalia daftari, akaniangalia mimi.

"Unahitaji kulala," akasema. Kwa upole, si kwa kejeli. Akamchukua Reuben akatoka naye barazani mpaka nikapata usingizi wa saa mbili. Yeye ndiye baba wa namna hiyo.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimepiga simu ya mezani kwa kampuni ya mtandao. Nimesubiri dakika arobaini na Reuben titini.

"Akaunti ina jina la ranchi," akasema kijana wa huko. "Mwenye akaunti ndiye apige."

"Mwenye akaunti yuko ufukweni anakula kamba."

"Samahani, mama. Nikikujibu wewe nimevunja sheria."

Jumanne, 17 Desemba

Tumekosa. Ni mara ya pili mfululizo.

Nilifanya ujanja wa siku ile, nikafungua ukurasa saa mbili na nusu. Samaki wakaogelea. Saa nne kasoro dakika kumi na tano Reuben akaukamata ule uso wa kioo kwa mikono yake ya uji, ukurasa ukafungika. Basi. Niliujua mwisho wake kabla sijagusa kitu.

Nerida alinipigia simu ya mezani.

"Mweke Indi kwenye simu, angalau anisikie."

"Unaihesabu kama amehudhuria?"

"Lazima niuone mdomo wake, Tegan. Na ofisi haikubali simu. Samahani. Wanasema kila ranchi ina shida ya mtandao. Tukitoka likizo tutaonana tarehe kumi na nne Januari. Tafadhali, fanya juu chini."

Indi alishika simu kwa mikono miwili, akaitikia kwa kichwa. Nerida hakuweza kuona.

Maneno: 33.

Jumatano, 25 Desemba

Joto, nyama baridi ya nguruwe, pudini ya kopo. Brodie amemtengenezea Indi farasi wa mabati. Mchana alimpigia simu Glenys kuwatakia heri. Walizungumza kirefu, akavuta waya wa simu mpaka barazani. Aliporudi akasema kichwa kinamuuma.

Ijumaa, 3 Januari

Leo Indi ameunganisha maneno mawili. Nimelisubiri jambo hili miaka miwili. Mlango wa kabati ulikuwa umekwama, akavuta, akavuta, akauacha, akafungua viganja vyake vyote viwili kama mtu mzima aliyechoka.

"Ni mvua," akasema.

Nimeandika. Nimekwenda chooni nikalia, kisha nikaosha uso.

Maneno: 35.

Jumapili, 12 Januari

Keshokutwa ndiyo siku. Nimemwambia Brodie mezani: Jumanne saa nne nataka ufunguo wa nyumba kuu. Kule mtandao haukatiki. Nitakaa jikoni kwa Glenys na watoto nusu saa, nitapangusa hata nyayo zetu.

"Ross alisema nyumba isifunguliwe."

"Ross hatajua."

"Mimi nitajua, Teg. Aliniamini."

"Mpigie Glenys umwombe, basi."

"Nitampigia kesho."

"Utampigia?"

"Nimesema nitampigia."

Jumanne, 14 Januari

Tumekosa. Mara ya tatu.

Jana ukingo wa bwawa la kaskazini ulipasuka, Brodie akatoka na trekta kabla ya chai na hakupiga simu kwa mtu. Leo alfajiri akarudi huko huko, ufunguo mfukoni mwake. Niliuacha ukurasa wa samaki wazi tangu saa moja, Reuben nimemfungia kwenye kitanda chake analia, sikumchukua. Saa tatu na nusu ukurasa wenyewe ukasema nimekaa muda mrefu bila kufanya lolote, niingie upya. Niingie upya wapi.

Nilikwenda na Indi mpaka nyumba kuu kwa miguu, kwenye tope, tukazunguka madirisha yote. Niliokota jiwe. Nililishika. Indi alikuwa ananitazama na gauni lake la njano, tope mpaka magotini. Nikaliweka chini.

Sasa najuta kuliweka chini.

Jumatano, 15 Januari

Nitaandika yote, kwa sababu sitaki kesho kujiambia haikuwa hivi.

Leo ndege ya barua imetua kati ya mvua mbili, na mzee Merv ndiye huchukua mfuko kiwanjani. Simpendi Merv, au tuseme sikuwa nampenda. Ananuka grisi, anaazima sukari harudishi, na mwezi wa kumi alimwangalia Indi akasema, "Huyu atakuwa jaji, hasemi mpaka wote wamalize." Nilimfungia mlango kwa neno hilo.

Aliweka barua mezani, akaiona ruta iko sakafuni na taulo juu yake.

"Umeifanyia mazishi?"

"Ichukue ukawatupie nguruwe."

"Nguruwe wamenikosea nini?" Akavuta kiti bila kukaribishwa. "Inakufanyaje?"

Nikamweleza, kwa mkato, ili aondoke. Nikamtupia daftari. Akavaa miwani iliyofungwa kwa waya, akasoma zile saa, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari. Akarudi juu, akazisoma tena.

"Nani kakwambia hii ni mvua?"

"Kila mtu."

"Mvua haina saa ya mkononi, binti." Akaivua miwani. "Nimepanda nguzo za simu miaka ishirini na miwili kabla sijaja kunusa mavi ya ng'ombe. Leta hiyo tableti. Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa tano.

Akaniambia nifungue mahali penye mipangilio, akanitajia namba, safu ya namba nne zenye nukta katikati. "Hiyo ni mashine moja kubwa, iko mbali sana. Ibishie hodi. Usiandike jina, andika namba."

Nikaandika. Ikajibu. Mara nne, chapuchapu.

"Si umesema mtandao umekufa?"

"Umekufa!"

"Mfu hajibu hodi. Haya, sasa bisha hodi kwa jina. Jina lolote."

Nikaandika jina la ofisi ya Nerida. Haikupatikana.

"Basi njia yako ni nzima," akasema Merv. "Huko nje hawajuani kwa majina, wanajuana kwa namba. Wewe unaandika jina, mashine yako inamuuliza mtu: huyu anakaa namba ngapi? Akiambiwa, inakwenda. Asipokuwepo wa kuulizwa, inasimama hapo hapo mlangoni, na barabara iko nyeupe mbele yake. Sasa tuone wewe unamuuliza nani. Nisomee hapo palipoandikwa herufi tatu, D, N, S."

Nikamsomea.

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Hiyo si namba ya Darwin wala Sydney. Hiyo ni ya hapa hapa uani. Ni kile kisanduku cha Colleen."

Colleen alikuwa karani wa ofisi kabla sijaolewa huku. Zamani hizo dishi lilikuwa la kupimiwa, Merv anasema, mwisho wa mwezi mtandao unakwisha kama maziwa. Colleen akaweka kisanduku ofisini, kidogo kama kopo la tumbaku, kinakumbuka majina kwa niaba ya nyumba zote na kufungia matangazo. Agosti nyumba kuu ilipowekewa dishi jipya, fundi akaipangia iulize majina kwingine. Nyumba ya wafanyakazi akaiacha ilivyo. Merv anajua kwa sababu yeye ndiye aliyemshikia ngazi.

"Kisanduku kimeharibika?" nikauliza.

"Kingeharibika kisingekuwa kinaamka saa tisa."

Tukaenda ofisini, mimi na Reuben mgongoni, Indi mkononi kwa Merv. Mlango haufungwi. Ndani giza, feni imesimama, kalenda ya mwaka jana. Kisanduku kiko juu ya kabati, taa yake imezimika. Merv akabonyeza swichi ya ukutani. Kimya. Akasikiliza nje.

"Jenereta ndogo haiungurumi."

Umeme wetu na wa nyumba kuu unatoka jenereta kubwa. Ile ndogo ni ya ofisi na jiko la wachungaji. Masika, wachungaji wakiondoka, inawashwa asubuhi mapema na jioni tu, dizeli isije ikaisha kabla barabara haijafunguka. Mchana inazimwa. Yote haya nilikuwa nayajua. Kila anayeishi ranchi anayajua.

Merv akazunguka nyuma, akaiwasha. Feni ikajizungusha, ile taa ikawaka nyekundu, kisha kijani. Nilikuwa nimeshika tableti. Nikaligusa jina la Nerida, na samaki wakaja wakiogelea kabla sijavuta pumzi. Indi akaona. "Maki! Neda!" Akaanza kuruka.

"Nani huizima hii?" Merv akauliza kutoka dirishani. "Saa tatu kila siku. Nani?"

Nikasema, "Mume wangu."

Merv akaangalia viatu vyake. "Mimi humo siingii," akasema, akaenda.

Brodie alirudi saa kumi na mbili, jua linazama, tope mpaka kifuani. Nilimngojea bombani. Nilikuwa nimejiandalia cha kumwambia, kwa sababu nilidhani tutacheka. Kwa Mungu nilidhani tutacheka, halafu tulie kidogo, halafu tupige simu pamoja. Nikamwambia: baba Indi, hebu sikia kioja, ni wewe! Jenereta ndogo! Majina yote yanapitia ofisini!

Hakushangaa.

Alikuwa anaosha mikono. Akaendelea kuosha, kidole kwa kidole, hata kilichokuwa kisafi.

"Brodie."

"Glenys aliniambia," akasema. "Krismasi. Nilimweleza unavyohangaika, akasema, ah, basi ni kile kisanduku cha ofisi, mwambie Tegan asubiri saa tisa."

"Krismasi."

"Nilitaka kukwambia."

"Mimi nimekaa wiki tatu nachambua nyaya. Nimezunguka madirisha ya nyumba kuu na mtoto kwenye tope. Umenikuta juu ya ngazi, Brodie, umenishikia ngazi!"

"Ningekwambia ungetaka iwake mchana kutwa. Dizeli inapimwa, Teg. Ross kaniachia karatasi. Ni mara yangu ya kwanza kuachiwa kitu."

"Nusu saa. Jumanne nusu saa."

"Najua." Akafunga bomba. "Nilipanga jana Jumanne niiache iwake mpaka saa tano. Naapa. Nilikuwa nimeamua. Halafu bwawa, halafu tope kutwa, saa tatu nikarudi mbio kama kila siku, nirudi tena huko, na nikaizima. Mkono ulishazoea. Nilikumbuka nikiwa ng'ambo ya mto."

Nilimwuliza kwa nini hakurudi.

Akasema mto ulikuwa umejaa.

Namwamini. Hilo ndilo linalonikaba, namwamini kila neno.

Alhamisi, 16 Januari

Merv alikuja asubuhi, akasimama nje ya kizingiti. Akanionyesha mahali pa kufuta ile namba ya ofisini na kuandika nyingine mbili za kuuliza majina moja kwa moja huko nje. Dakika mbili. Nilihesabu kwa saa ya ukutani.

Saa tatu ikapita. Saa nne. Mtandao uko wazi mchana kutwa. Nimekaa nao, mtandao mzima, na sina wa kuongea naye.

Nimepiga simu Darwin. Aliyepokea alikuwa mpole. Nikamweleza kisanduku, jenereta, majina. Akasema, "Kwa hiyo ilikuwa shida ya mtandao." Nikasikia anavyoandika.

Jumatano, 22 Januari

Barua imefika na ndege. Nafasi ya Jumanne saa nne imetolewa. Indi amewekwa kwenye foleni, miezi kumi na minne. Chini kabisa Nerida ameandika kwa mkono wake: Ana uwezo. Endelea kuandika.

Nimeosha vyombo.

Jumatatu, 27 Januari

Akina Haldane wamerudi kwa helikopta. Glenys kaja na keki ya matunda, kaiweka mezani, akaketi kwenye kiti alichokalia Merv.

"Ningejua kama ni jambo zito, mama Indi. Brodie alisema tu unataka kuongea na mtu."

"Nilikwambia mimi mwenyewe. Tarehe moja Desemba, hapo ulipo."

"Lakini hukusema ni lazima."

Nikafikiri juu ya hilo. Ni kweli sikupiga kelele. Nilisema kama mtu anayeazima sukari.

"Keki nzuri, mama," nikamwambia. "Lakini leo irudishe."

Akaenda nayo. Nilidhani nitajisikia vizuri.

Jumatano, 5 Februari

Mvua siku ya tisa.

Jumapili, 9 Februari

Mvua. Indi hajasema "maji" tangu Ijumaa. Anasema "ji".

Jumanne, 11 Februari

Saa nne asubuhi alivaa gauni la njano, akaketi mbele ya tableti iliyozimwa, mikono mapajani. Sikumwambia kitu. Nilipiga magoti, nikaweka uso wangu mahali pa kioo, nikasema, "Halo Indi, mimi ni Neda. Leo tuseme samaki." Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayeimba vibaya kanisani. Kisha akasema "maki", kunifurahisha.

Alhamisi, 20 Februari

Dada yangu Shayla anaishi Katherine. Kliniki ya huko ina mtaalamu wa usemi anayeona watoto ana kwa ana kila Alhamisi, hawana foleni ya mwaka, ila lazima uwe mkazi wa mji. Shayla ana chumba kimoja cha ziada, cha kuanikia nguo. Nimemwuliza. Akasema, "Nguo zitakauka nje, dada."

Jumatatu, 3 Machi

Ross alimwita Brodie ofisini. Amekuwa nyapara. Dizeli imebaki mapipa mawili, haijawahi kutokea ikabaki. Kiangazi tutahamia nyumba ya mawe yenye bafu ndani.

Alirudi amejizuia kufurahi, na mimi niliona anavyojizuia, na nikamwonea huruma. Nikampikia nyama anayoipenda. Tulipomaliza kula nikamwambia habari ya Katherine.

"Msimu huu mmoja tu, Teg. Nikishatulia kwenye kazi tutapanga. Umri wake bado."

"Anatimiza mitano mwezi ujao."

"Watu watasema nimekimbiwa siku niliyopanda cheo."

"Waambie ni mvua."

Heri nisingesema hivyo. Alifunika uso kwa viganja vyake vikubwa, na Indi akatoka kitini kwake akaenda kuvibandua, kidole kimoja kimoja. Nilitazama pembeni. Kama ningewatazama zaidi nisingekwenda.

Jumatano, 12 Machi

Ndege ya barua ina viti viwili vya abiria. Reuben mapajani, Indi dirishani. Brodie alibeba mabegi mpaka chini ya bawa la ndege, akafunga mikanda ya watoto mwenyewe, akajaribu kila kifungo mara mbili. Merv alileta kopo la sukari, limejaa mpaka juu, akaondoka bila kuaga.

"Nitapiga simu kila Jumapili," Brodie akasema.

"Piga mchana," nikamwambia.

Jumapili, 30 Machi. Katherine

Alhamisi mbili sasa. Mtaalamu wa hapa anaitwa Bronagh, anakaa sakafuni na Indi, wanapulizana mapovu ya sabuni. Amesema tumepoteza kiasi, silabi za mwanzo zimerudi nyuma, ila tutazipata. Amelisoma daftari langu lote, hata saa za mtandao, kwa sababu zimechanganyika na maneno. Alipofika tarehe kumi na tano Januari akalifunga, akanirudishia kwa mikono miwili.

Mchana huu Brodie alipiga simu ya video kutoka ofisini Wirrabel. Wachungaji wamerudi, jenereta ndogo inaunguruma kutwa. Nyuma yake niliiona kalenda mpya na feni inazunguka. Amenyoa ndevu. Nikampa Indi tableti, akaishika kwa mikono miwili, akamtazama.

"Sema na baba," akasema Brodie. "Neno moja tu, mama. Lolote."

Indi ana maneno arobaini na manne sasa. "Baba" lilikuwa la kwanza kabisa, kabla hata sijaanza kuandika. Alimtazama kitambo, akageuza tableti chini juu mkekani, taratibu, asiivunje, akarudi kwenye mapovu yake.

"Teg?" sauti ikasema kutoka sakafuni. "Mmekatika?"

Hatukuwa tumekatika. Mtandao ulikuwa mzuri hata nilikuwa namsikia anavyopumua. Nilikaa hapo karibu na tableti, sikuigeuza, nikasikiliza mpaka alipokata mwenyewe.